TAHARIRI: Objekti na methodi si za kukaririwa, vijana wa Kisii na Nyamira waanzie kwenye mizani ya chai

INGIA saiba yoyote mjini Kisii wiki moja kabla ya mitihani ya vyuo na hutakosa kumwona. Kijana wa mwaka wa pili, simu mkononi, midomo ikicheza kama anayesali.

Anakariri. Klasi ni kiolezo. Objekti ni zao la klasi. Methodi ni kazi ambayo objekti inaweza kufanya. Anayasema kwa Kiingereza, neno kwa neno, jinsi yalivyoandikwa kwenye slaidi za mhadhiri.

Mwombe akueleze hayo hayo kwa Kiswahili, au kwa Ekegusii kama ambaye angemweleza nyanyake kule nyumbani. Atatabasamu, akune kichwa, kisha akwambie, "Hiyo ni ya kupitia pepa tu."

Hatuandiki haya ili kumcheka. Wengi wetu tuliopitia vyuo tulifanya vivyo hivyo na tukapata alama za kujivunia. Shida ni kwamba siku ulipoajiriwa na kuambiwa uandike programu ndogo ya kuweka rekodi za duka, ndipo ulipogundua kwamba ulichokuwa nacho kichwani ni maneno tu.

Na maneno hayo yamelipiwa. Nyuma ya kila mwanafunzi wa kompyuta kutoka Nyamache, Ekerenyo au Keroka kuna mzazi aliyeamka saa kumi na moja asubuhi kuchuma chai, au aliyeuza ndizi Daraja Mbili, ili karo ipatikane. Kijana akirudi nyumbani na cheti lakini hawezi kuandika mistari hamsini ya programu inayofanya kazi, hasara hiyo haionekani kwenye matokeo yoyote. Inaonekana tu pale anapoishia kuendesha boda huku laptopu ikikusanya vumbi.

Serikali yenyewe imeshaamua kwamba elimu hii ni ya wote. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala Nchini, KICD, iliidhinisha silabasi ya kodingi kwa shule za msingi na za upili, na mwaka huo huo Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akazindua mpango mkuu wa kidijitali wa kufikia 2032. Tusichanganye kodingi na kodi ya nyumba, ingawa kwa wengi zote mbili ni mzigo.

Kwa hivyo swali si tena kama vijana wa Gusii watafunzwa kuprogramu. Swali ni watafunzwa vipi. Msimamo wetu ni huu: somo la objekti na methodi, ambalo ndilo linalowaangusha wengi, lianzie kwenye vitu ambavyo mwanafunzi amevishika kwa mikono yake kabla hajaguswa na tafsiri moja ya kitabuni.

Watu husahau kwamba dhana hii haikubuniwa ili kuwatesa wanafunzi. Ilizaliwa Norway katika miaka ya 1960, pale Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipotaka kompyuta iige mambo ya kawaida ya dunia, kama foleni za wateja wanaosubiri kuhudumiwa. Lugha yao iliitwa Simula, na toleo la 1967 ndilo lililoleta klasi na objekti. Walianza na foleni, kisha wakatafuta namna ya kuiandika. Sisi tunaanza na namna ya kuandika, na foleni hatuifikii kamwe.

Python iliyotokea 1991 na Java iliyotokea 1995 zote zilirithi wazo hilo. Ndizo lugha ambazo wengi wenu mnafunzwa leo.

Basi hebu twende kwenye foleni yetu.

Kila asubuhi katika kituo cha kununulia chai, iwe ni upande wa Kebirigo au wa Ogembo, mambo ni yale yale. Wakulima wamepanga vikapu. Karani ana mizani ya kielektroniki. Kila mkulima ana nambari yake. Majani yanapimwa, kilo zinaandikwa kwenye nambari hiyo, risiti inatoka, anayefuata anasogea.

Hapo hapo una kila kitu ambacho mhadhiri alikuwa anajaribu kukueleza kwa saa mbili.

Fomu ya usajili wa mkulima, ile yenye nafasi ya jina, nambari na kituo, ndiyo klasi. Fomu tupu haichumi chai. Haina kilo. Ni maelezo tu ya mkulima yeyote anavyopaswa kuwa. Mama yako aliyesajiliwa kwa fomu hiyo, mwenye nambari yake na kilo zake, huyo ndiye objekti. Jirani yenu ni objekti nyingine. Fomu ni moja, watu ni wawili, na kilo za mmoja si za mwingine.

Methodi je? Ni kile kinachoweza kufanyika kwa mkulima huyo: kupokea kilo, kutoa jumla ya mwezi, kulipwa. Kila tendo linagusa rekodi ya mtu fulani. Karani hawezi kusema "pokea kilo 12" akaishia hapo. Ni lazima aseme za nani.

Ndiyo maana kuna ile nukta. Ukiandika mama.pokea(12), isome kama unavyozungumza: "Mama, pokea kilo 12." Aliye kabla ya nukta ndiye anayeambiwa. Lililo baada ya nukta ni tendo. Kilicho ndani ya mabano ni kile unachompa ili afanyie tendo hilo. Mwanafunzi akishaisoma nukta hivyo, nusu ya woga unaisha.

Sasa tuje kwenye neno ambalo limewafanya vijana wengi waliojaribu Python wafunge laptopu na kwenda kutazama mpira: self.

Lifikirie kama "mimi". self.kilo ni "kilo zangu". self.jina ni "jina langu". Anayeandika klasi hajui ni mkulima gani ataitwa kesho asubuhi, kwa hivyo anaacha "mimi" mahali pa mtu ambaye bado hajafika. Ukiita mama.pokea(12), "mimi" ni mama. Ukiita jirani.pokea(12), "mimi" amekuwa jirani. Java hutumia neno linalomaanisha "huyu" badala ya "mimi", lakini kazi ni ile ile.

Ukilishika hilo, utaelewa pia lile kosa ambalo humkuta kila anayeanza. Umeandika methodi yenye nafasi moja, ukaiita kwa thamani moja, na kompyuta inalalamika kwamba umeipa mbili. Unaapa kwamba hukumpa mbili. Ulimpa. Ya kwanza ni yule aliyekuwa kabla ya nukta. Python ilimpitisha kimyakimya, na wewe ulisahau kuweka self ili kumpokea. Aliyekariri ataongeza na kupunguza mabano hadi usiku wa manane. Aliyeelewa ataona kasoro kwa sekunde tano.

Lakini kuna kosa jingine baya kuliko hilo, na ndilo lililotufanya tuandike tahariri hii.

Kijana anaandika klasi Mkulima. Ndani yake anaweka orodha tupu ya kuhifadhi mizani ya kila siku. Anaiweka juu kabisa, nje ya ile methodi ya kuzaliwa kwa objekti, ambayo Python huiita __init__. Anaunda wakulima wawili, mama na jirani. Anampimia mama kilo 12. Zinaingia. Anafurahi, anapiga picha ya skrini na kuituma kwenye grupu ya darasa.

Kisha mtu anamwambia aulize jirani ana nini. Programu inajibu: kilo 12.

Jirani hajachuma hata jani moja.

Hakuna maandishi mekundu yaliyotokea. Kompyuta haikulalamika. Programu inakwenda vizuri kabisa, na inadanganya. Kilichotokea ni kwamba orodha ile iliwekwa kwenye fomu yenyewe, si kwa mkulima, kwa hivyo wote waliosajiliwa kwa fomu hiyo wanaandika kwenye daftari moja. Dawa ni kuiondoa pale na kuianzisha ndani ya __init__ ikiwa na self mbele yake, ili kila mkulima anapozaliwa apewe daftari lake mwenyewe. Ni mstari mmoja umehamishwa.

Hebu fikiria mstari huo ukiwa kwenye mfumo wa kweli. Kwenye chama cha akina mama, michango ya mmoja inaonekana kwa wote. Kwenye zahanati, dawa za mgonjwa huyu zinaingia kwenye faili ya yule. Kijana aliyepata alama ya A kwa kukariri kwamba "objekti ni zao la klasi" anaweza kuandika kosa hilo na asilione, kwa sababu kwenye tafsiri aliyokariri hakuna mahali palipomwambia kwamba jirani hajachuma chai.

Wapo watakaosema mifano ya nyumbani ni ya watoto, na kwamba chuo kikuu ni mahali pa istilahi sahihi. Hatupingi istilahi. Kijana lazima azijue, tena kwa Kiingereza, kwa sababu vitabu na mahojiano ya kazi yako katika lugha hiyo. Tunachosema ni kwamba istilahi ije kama jina la kitu anachokijua tayari, jinsi mtoto anavyojifunza neno "mwezi" baada ya kuuona angani.

Tena sisi tunaozungumza lugha za Kibantu tuna bahati ambayo hatuitumii. Tumekuwa tukiishi na klasi tangu utotoni, ila tunaziita ngeli.

Mwanafunzi wa Gredi ya 5 anajua kwamba "kiti" huingia katika KI-VI na "mtu" katika A-WA. Ekegusii nayo ina omonto na abanto. Chukua mzizi mmoja, -zuri, uupeleke kwa kila mmoja: mtu mzuri, kiti kizuri, gari zuri, nyumba nzuri. Umesema jambo moja, na kila nomino imelijibu kulingana na ngeli yake. Hukuhitaji kuiambia "kiti" ianze na ki. Inajua.

Hiyo ndiyo tabia ambayo vitabu vya kompyuta huiita polimofizimu na kuitolea kurasa kumi. Agizo moja, na kila objekti hulitekeleza jinsi klasi yake ilivyopangwa. Amuru lipa kwa mkulima wa chai: anapata malipo ya mwezi kwa kilo zake, na bonasi baadaye. Amuru lipa kwa muuza ndizi wa Daraja Mbili: anapewa pesa taslimu papo hapo. Aliyeamuru hana haja ya kujua tofauti hiyo.

Tukubali kwamba mfano wa ngeli una mwisho wake. Ngeli haihifadhi kilo za mtu. Usiuvute hadi ukatike. Lakini kwa kumwondolea kijana hofu ya neno geni, hatujaona ulio bora, na inashangaza kwamba mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa kompyuta katika shule moja hawajawahi kuketi pamoja kuuzungumzia.

Hata wachongaji wa mawe wa Tabaka wangesaidia. Mchoro mmoja wa kiboko huzaa viboko ishirini vya mawe. Ukipaka mmoja rangi nyeusi, kumi na tisa waliobaki hawabadiliki.

Turudi kwenye chai, kwa sababu ndiko kwenye pesa.

Kila kiwanda kilicho chini ya KTDA hutangaza bonasi yake. Sanganyi ina kiwango chake, Tombe chake, Nyansiongo chake, Kiamokama chake. Kwa lugha ya kompyuta, hizo ni objekti za klasi moja ya Kiwanda zenye thamani tofauti. Wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamelalamika kwa miaka kwamba wanapata kidogo kuliko wenzao wa mashariki. Malalamiko hayo hujaa redioni kila bonasi inapotangazwa, kisha hupoa.

Kijana aliyeelewa objekti vizuri anaweza kufanya jambo dogo sana hapa. Anaweza kukusanya risiti za mama yake za mwaka mzima, aziingize kwenye programu yake ya mistari hamsini, na siku malipo yanapoingia aweze kumwambia: kilo zako ni hizi, ulipaswa kulipwa hivi, umelipwa hivi. Bei ya mnada haitabadilika kwa sababu hiyo. Lakini mama ataenda mkutanoni akiwa na hesabu mkononi, na si kwa uchungu tu. Na kijana atakuwa amejifunza zaidi ya muhula mzima.

Ndiyo maana tunawaomba wahadhiri na walimu wa Kisii na Nyamira, kuanzia Chuo Kikuu cha Kisii hadi vyuo vya kiufundi na shule za upili, wabadilishe jinsi ya kutahini kabla ya kubadilisha chochote kingine. Swali la "eleza maana ya objekti" linapima kumbukumbu. Mpe mwanafunzi programu ile ambayo jirani amepata kilo za mama, umwambie, "Tafuta kosa, ulieleze kwa lugha yoyote." Hapo hakuna cha kukariri.

Somo la kompyuta katika KCSE lina karatasi ya tatu ambayo ni mradi. Hiyo ni nafasi ya dhahabu, na kila mtu anajua jinsi inavyoweza kupotezwa: mradi unaandikwa na mtu wa saiba, mwanafunzi anabandika jina. Mwalimu anaweza kumaliza mchezo huo kwa swali moja la dakika mbili, bila hata kufungua kompyuta: "Ondoa mstari huu, nini kitaharibika?"

Siku hizi hata mtu wa saiba hahitajiki. ChatGPT itakuandikia klasi Mkulima kabla hujamaliza kunywa chai. Hatusemi msiitumie, wanaofanya kazi za kuprogramu wanaitumia. Ila haijawahi kufika kituo chenu. Haijui kwamba mama huchumiwa na watu wawili na kilo zote huingia kwenye nambari moja, au kwamba shamba liligawanywa babu alipofariki. Anayejua hayo ni wewe, na usipoelewa ilichoandika hutajua ilipokosea.

Kwa serikali za kaunti hizi mbili, ombi letu ni fupi. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini yenu kwa mujibu wa ugatuzi. Kompyuta kumi zinazowaka na intaneti isiyokatika katika chuo kimoja zina faida kuliko hamsini zilizozinduliwa kwa mbwembwe kisha zikafungiwa stoo. Na mnapohitaji mfumo mdogo wa kusajili bodaboda au ada za soko, kabla ya kutafuta kampuni ya mbali, wapeni wanafunzi wa hapa wajaribu, wakisimamiwa. Wataharibu mara mbili. Ya tatu itasimama.

Nanyi wasee mnaosoma haya kwenye simu, hamhitaji kusubiri kaunti. Python inapatikana bure, na kuna programu za simu zinazoiendesha bila laptopu. Usianze na mifano ya magari na wanyama iliyo kwenye kila video. Anza na mtu unayemjua.

Leo usiku andika klasi Mkulima. Mpe jina, nambari na orodha ya mizani. Andika methodi mbili tu, pokea na jumla. Unda mama na jirani. Mpimie mama kilo 12, kisha 9. Uliza jumla ya mama. Ikisema 21, bado usilale. Uliza ya jirani.